Baridi Bila Gesi

"Ingieni, ingieni! Fungeni milango, msije mkaniachia baridi ikatoroka!"

Fundi cherehani alikuwa amesimama kando ya gari lake uani, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, anacheka kama mtoto aliyeletewa viatu vipya. Mkononi alishika kopo la gesi ya kiyoyozi, lile alilolinunua dukani pamoja na mpira wake mfupi, akalitikisa ili kila mtu asikie kwamba ni tupu. Gesi yote imekwisha kuingia ndani ya gari. Ndivyo alivyoamini, na hapakuwa na mtu wa kumbishia.

Mama yake, ambaye nyumba nzima walimwita Bibi, aliingia kiti cha nyuma taratibu, mguu mmoja kwanza, kisha mwingine, kama mtu anayeingia kwenye maji. Mjukuu wake akamrukia ubavuni. Mtoto huyo waliyempachika jina la Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa amekwisha kuuliza maswali matatu kabla mlango haujafungwa. Mama Chiriku akakaa mbele, sare ya kazini bado mwilini.

Gari lilikuwa kuukuu, la dizeli, la umri wa kuitwa babu. Likiwashwa lilitetemeka kwanza, likakohoa moshi, kisha likatulia kwenye mngurumo mzito, kama mtu mzima anayenung'unika peke yake chumba cha pili. Fundi cherehani akapandisha vioo vyote, akabonyeza swichi. Feni ikavuma.

"Haya," akasema. "Nipeni habari."

Hewa ilitoka kwenye vitundu vya dashibodi ikiwa na harufu ya vumbi la siku nyingi na kitu kingine, kama sanduku la nguo za marehemu lililofunguliwa baada ya miaka. Bibi akanyoosha mkono katikati ya viti vya mbele, akaweka kiganja mbele ya kitundu. Akangoja. Hakusikia baridi yoyote. Akautazama uso wa mwanawe kwenye kioo kidogo cha juu.

Siku chache nyuma kaka wa Mama Chiriku alikuja kuwatembelea. Alilizunguka gari lile, akapiga teke gurudumu, akasema mbele ya wageni wote, "Shemeji, hili si gari, hili ni banda la kuku lenye usukani." Watu walicheka. Fundi cherehani naye alicheka, tena kuwashinda wote, na usiku ule hakugusa chakula. Tangu hapo cherehani yake ilifunikwa kitambaa, yeye akawa anashinda chini ya boneti na spana. Leo ndiyo mara ya kwanza uso wake kufunguka.

"Mama?" akauliza.

"Baridi, mwanangu," Bibi akasema. "Inaingia mpaka kwenye mifupa."

Na alipokwisha kusema, akaisikia. Vinyweleo vya mkono wake vilisimama kimoja kimoja, kuanzia kifundoni hadi begani. Akautazama mkono wake kama anayeangalia mkono wa mtu mwingine.

"Safi kabisa, Baba Chiriku," mkwewe akasema bila kugeuka.

"Nagandaaa!" akapiga kelele Chiriku. "Baba, nagandaaa!"

Fundi cherehani akapiga usukani kwa furaha, honi ikalia, na jirani akachungulia juu ya ukuta kutazama kuna nini.

*

Chiriku hakuwa mtoto wa kutoka jasho. Hakuwahi kutoka hata tone tangu alipozaliwa. Nywele zake zilikuwa chache na laini kama za kichanga, meno yake machache yenye ncha, na ngozi yake kavu wakati wote, hata pale watoto wenzake walipolowa kwa kucheza. Daktari aliwaeleza kwa upole kwamba mwili wake hauna njia ya kutolea joto. Likiingia, halina mlango wa kutokea. Njiani watu wengine walimtazama mara moja, kisha wakawavuta watoto wao upande wa pili. Wengine walimpa peremende. Bibi aliwakumbuka wote, lakini wa peremende aliwakumbuka kwa nyuso.

Mwaka huu Chiriku alipata shule, upande wa pili wa mji. Mwalimu mkuu, mwanamke mwenye sauti kavu, alihamisha darasa zima ili watoto wa umri wake wapate chumba chenye kiyoyozi. Alisaidia hata kubeba madawati, Bibi alimwona. Lakini alisema neno moja: "Afike mzima, aondoke mzima. Njiani ni juu yenu. Akiletwa hapa amezidiwa, sitathubutu kuendelea naye."

Mpaka siku ya kopo lile, kila walipotoka naye kwenye jua, walimvalisha fulana iliyoloweshwa maji, na Bibi alibeba chupa ya kumwagia shingoni. Fulana hiyo ilifanya kazi yake vizuri. Lakini ilidondosha maji kwenye viti vya watu, ikamlowesha mtoto sketi kama aliyejikojolea, na shuleni walianza kumwita Chura.

"Bibi, mke mwenzangu," Chiriku alisema asubuhi iliyofuata baada ya kopo lile la gesi, akimwita bibi yake jina lao la utani, "sasa gari letu si lina baridi? Fulana ya nini tena?"

"Una uhakika unaisikia?"

"Naisikia! Mpaka kwenye meno."

"Meno yenyewe unayo wapi, wewe?"

Walicheka, na fulana ikabaki kwenye kamba.

Asubuhi hapakuwa na tatizo, hewa ya alfajiri ilikuwa bado pole. Saa za kurudi ndizo zilizokuwa nyingine. Msimu huo joto lilikaa juu ya mji kama mgeni asiyeaga. Hewa ilinata. Hakuna jani lililotikisika. Mchana barabara zilikuwa tupu pembeni, na watu waliosimama walijibana kwenye vivuli vyembamba vya kuta, wamenyamaza, midomo wazi. Katikati ya mji huo lilipita gari la dizeli vioo vimefungwa, mzee wa kike amejifunika mtandio mabegani, na mtoto amejikunyata ubavuni mwake. Watu waliligeuzia shingo. Bibi aliwaona wakiligeukia, akadhani wanawaonea wivu.

"Bibi, nasikia baridi," Chiriku alianza kusema kila wanapofika katikati ya safari.

"Njoo nikufunike."

"Nipunguze kidogo?" fundi cherehani aliuliza kwa sauti ya mtu mwenye mali ya kutosha kugawa.

"Punguza, mwanangu. Mtoto anatetemeka."

Na kweli alitetemeka. Bibi alimkumbatia ndani ya mtandio wake, akasikia mifupa midogo ikigongana. Yeye mwenyewe nguo ilikuwa imemgandia mgongoni kwa jasho, moyo unakwenda mbio, na mikononi vinyweleo vimesimama. Mambo hayo mawili yalikuwa kwenye mwili mmoja na Bibi hakuyakutanisha. Alidhani ni uzee.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Chiriku alikuwa akinyamaza. Siku ya kwanza alinyamaza karibu na nyumbani. Siku zilizofuata alinyamaza mapema zaidi, kama mtu anayeitwa kutoka mbali na kila siku anayemwita amesogea.

Ijumaa moja, kwenye taa za barabarani, muuza maji aligonga kioo. Alikuwa mwanamke mnene mwenye beseni la chupa kichwani na taulo shingoni. Bibi akateremsha kioo kidogo amwambie hawahitaji.

"Mama, mna nini humo?" mwanamke akauliza. "Mbona mmejifungia?"

"Tuna AC," fundi cherehani akajibu kutoka mbele.

Muuza maji akaingiza vidole kwenye ule mwanya. Akavitoa haraka, akavitazama. Kisha akamtazama mtoto ndani ya mtandio, kwa muda mrefu, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyechungulia chumba akakuta maiti imekalishwa kitini.

"Mama," alisema polepole, "humo ndani ni tanuri."

Taa ikageuka kijani. Gari likaondoka.

"Wivu tu," fundi cherehani akasema. "Hata maji ya bure angetuwekea sumu."

Bibi akapandisha kioo. Akageuka nyuma akamwona yule mwanamke amesimama palepale kati ya magari, beseni kichwani, anawatazama.

*

Jumatatu, karibu na taa zilezile, lori liliharibika mbele yao na njia nzima ikasimama. Mbele hakuna pa kwenda, nyuma hakuna pa kurudi. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa la gari. Feni ilivuma.

"Chiriku," Bibi akasema, "tuhesabu magari mekundu?"

Kimya.

"Yale pale mawili. Haya, wewe hesabu yale ya kule."

"Bibi," Chiriku akasema kwa sauti ndogo, ya adabu mno, ambayo haikuwa yake, "nani amezima jua?"

Fundi cherehani akacheka mbele. "Huyo anaota. Unaona raha ya AC? Mtu analala mchana."

Bibi akamtazama mtoto. Macho yalikuwa wazi. Alipitisha mkono mbele yake na macho hayakuufuata.

"Niongezee nguo, Bibi. Baridi."

Bibi akamgusa shavu, akautoa mkono. Lilikuwa kavu na la moto kama pasi iliyosahaulika juu ya shati. Akaugusa mkono wake mwenyewe, ukiwa na vinyweleo vilivyosimama, nao ulikuwa wa moto. Akagusa kiti. Nacho kilikuwa cha moto. Akanyoosha kiganja mbele ya kitundu, kama siku ile ya kwanza, na safari hii alifumba macho ili asiuone uso wa mwanawe.

"Zima feni," akasema. "Fungua vioo."

"Mama, baridi yote itatoka!"

"Hakuna baridi, mwanangu."

"Unasemaje?"

"Hakuna. Haijapata kuwepo."

Fundi cherehani akageuka mzima mzima kwenye kiti chake. "Wewe mwenyewe ulisema, mama. Ulisema mpaka kwenye mifupa."

"Nilisema. Sasa fungua vioo, nakuomba."

Vioo vikashuka. Hewa ya mchana ule, hewa ile ile iliyokuwa imewakausha watu midomo kwenye vivuli vya kuta, iliingia garini ikawapiga usoni ikiwa laini na pole kama maji ya mtungini. Hapo ndipo fundi cherehani alipoelewa walikuwa wameketi ndani ya kitu gani. Akatoa sauti ambayo Bibi hakuwa ameisikia kwake tangu utotoni.

Muuza maji hakuitwa. Alikuja mwenyewe akikimbia kati ya magari, beseni limeshikwa kwa mikono miwili, akafungua chupa kwa meno na kummiminia Chiriku kichwani, shingoni, kifuani. Alifungua nyingine, na nyingine, hadi beseni likabaki na taulo peke yake. "Mpelekeni pale gereji," akasema, akionyesha kwa kidevu kibanda cha mabati ng'ambo ya barabara. "Yule fundi ana feni kubwa. Nendeni kwa miguu. Mie nitakaa na gari lenu." Kisha akaingia kwenye kiti cha dereva kama mwenyewe, chupa tupu zimetapakaa miguuni.

Yule mwenye gereji watu walimwita Fundi Baridi, kwa kazi yake. Alikuwa mtu mrefu, wa maneno machache, mwenye kikohozi. Hakuuliza kitu. Alipowaona wanavuka, baba kambeba mtoto na bibi anachechemea nyuma akiwa na kiatu kimoja, alikwisha kuanza kumwaga maji kwenye sakafu ya saruji na kuvuta feni. Akanawa mikono kwa sabuni kabla hajamgusa mtoto. Bibi alikiona hicho hata katikati ya hofu ile. Akatoa maji yake ya kunywa, yaliyokuwa na barafu, akayalowesha matambara safi, na Bibi akayaweka shingoni, kwapani na mapajani, anayageuza, anayalowesha tena.

Fundi cherehani alisimama mlangoni. Aliwapigia simu mkewe na zahanati iliyokuwa mtaa wa nyuma, sauti ikimkatika, kisha akabaki ameishika simu kama kitu asichojua kazi yake.

Muda mrefu Chiriku alilala akilitazama paa. Midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Bibi aliinama karibu asikie, na alisikia kwamba mtoto alikuwa akimjibu mtu. "Ndiyo," alikuwa akisema. "Ndiyo. Baridi safi. Ndiyo."

"Usimwitikie," Bibi akamnong'oneza, akimpangusa. "Mke mwenzangu, usiseme ndiyo. Sema hapana. Sema joto. Nisikie ukisema joto."

Maji yalitiririka sakafuni. Feni ilizunguka. Hatimaye macho yale yalishuka kutoka kwenye paa, yakatafuta, yakaufikia uso wa Bibi, yakabaki hapo.

"Bibi," Chiriku akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya kulalamika, "unanilowesha mpaka chupi."

Bibi akacheka, na kicheko kikageuka kilio, na Fundi Baridi akaenda kukohoa nje.

*

Muuguzi wa zahanati alikuja pamoja na Mama Chiriku, akampima mtoto, akasema wamemuwahi, akakaa naye hadi joto likashuka kabisa, na akawaambia asipitishwe tena kwenye joto kama lile hata kwa dakika chache. Foleni ilipofunguka, muuza maji alilileta gari hadi mlangoni mwa gereji. Hakuna aliyejua kama aliwahi kuendesha maishani mwake, na yeye hakusema. Alichukua beseni lake akaenda zake kabla hawajapata maneno ya kumshukuru.

"Acha nilitazame," Fundi Baridi akasema.

Alifungua boneti, akaunganisha mipira miwili ya geji zake za kupimia gesi. Mishale yote miwili ilibaki imelala chini.

"Halina kitu," akasema.

"Gesi imekwisha?" fundi cherehani akauliza.

Fundi Baridi alichukua tochi, akafuata bomba kwa kidole hadi kwenye maungio karibu na kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi. Akatoa kimpira cheusi kilichopasuka, kikamvunjikia mkononi kama biskuti. "Haikukaa hata ikaisha, ndugu yangu. Ulipokuwa unaiingiza kule, ilikuwa inatokea hapa. Na kompresa ikikosa gesi haiamki; hii haijazunguka hata mara moja. Ilikuwa feni tu. Inachota joto la injini, inawapulizia."

"Hata siku ile ya kwanza?"

"Hata hiyo."

Fundi cherehani aliketi juu ya tairi kuukuu. Akaitazama familia yake, mmoja mmoja.

"Basi tulikuwa tunasikia nini?" akauliza.

Nje magari yalipita. Ndani ya gereji maji yalidondoka kutoka kwenye matambara.

"Mimi sikusikia kitu," Mama Chiriku akasema mwishowe. "Toka siku ya kwanza. Niliona ni joto tupu. Nikasema safi."

"Kwa nini, Mama Chiriku?"

"Kwa sababu ulikuwa umekula." Aliangalia pembeni. "Asubuhi ile ulikuwa umekula, baada ya yale aliyoyasema kaka yangu. Nikajiambia mchana mimi simo garini, na wao wanasema wanasikia. Nikawaamini wao."

"Mimi mwanzo nilidanganya," Chiriku akasema kutoka sakafuni, amefunikwa taulo la muuza maji lililoachwa. "Sikutaka fulana. Halafu nikaanza kusikia kweli. Baridi kweli kweli, Baba. Kulikuwa na giza na baridi."

Wote wakamgeukia Bibi. Alikuwa akikunja tambara, anakunjua, anakunja.

"Mimi nilisema kabla sijaisikia," akasema. "Nikishasema, ikaja."

Fundi cherehani hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alifuta mikono yake kwenye suruali, mikono iliyokuwa safi. "Mngeniambia tu," akasema. "Mimi ni mtu wa kuambiwa."

Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo.

*

Kazi ilichukua mchana wote uliobaki. Kimpira kipya kikawekwa, na vingine vilivyochoka vikabadilishwa. Kisha ikaunganishwa pampu ya kunyonya hewa, ikaachwa inanguruma polepole mpaka mabomba yakawa matupu kabisa. Fundi Baridi aliizima akakaa akiitazama mishale, kuona kama itarudi, dalili ya tundu jingine. Haikurudi. Akaingiza oili kidogo, akafungua mtungi wa gesi juu ya mizani, na alipokubaliana na fundi cherehani kwamba malipo yatakuwa ovaroli za kushona, alisema tu, "Zangu zipanue mabegani, nakohoa zinachanika."

Gari likawashwa. Chini ya boneti kikasikika kitu, *tak*, na mngurumo wa injini ukashuka kidogo, kama mtu aliyepokea mzigo begani.

"Sauti hiyo," fundi cherehani akasema, "sijapata kuisikia."

Mishale ikaachana, mmoja ukapanda, mmoja ukashuka.

Wakaingia. Milango ikafungwa. Vioo vikapanda. Feni ikavuma, na kutoka kwenye vitundu ikaja ile harufu ya sanduku la zamani. Bibi alinyoosha mkono katikati ya viti viwili vya mbele. Vinyweleo vikasimama, kimoja kimoja, kuanzia kifundoni hadi begani.

Vilevile. Hapakuwa na tofauti yoyote na siku ile. Aliuvuta mkono akauficha ndani ya mtandio kama aliyeguswa na mtu asiyemwona.

"Vipi, mama?" mwanawe akauliza. Hakumtazama kwenye kioo. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sijui, mwanangu."

"Mama Chiriku?"

"Naona kama..." Akasita. "Sijui. Naogopa kusema."

Chiriku alijikunyata kwenye kona. Alikuwa ameweka mkono mdomoni mwake mwenyewe, ameubana, neno lisije likamtoka.

Fundi Baridi akafungua mlango wa mbele, akaingiza mkono. "Ah! Baridi kali hii. Mama, hapa mmepona."

Bibi akamtazama. Huyu ndiye aliyenawa kwa sabuni. Huyu ndiye aliyetoa maji yake ya kunywa, ambaye hakusema hata mara moja kwamba wao ni wajinga, aliyekwenda kukohoa nje ili mwanamke mzee alie kwa nafasi. Alikuwa ameuona wema wake tangu mchana, tendo baada ya tendo, na ndiyo maana hakumwamini.

"Wewe ni mtu mwema, baba," akamwambia. "Nasi nyumbani kwetu ni watu wema. Nitafutie kitu kisichotuonea huruma."

Fundi Baridi hakucheka. Alifikiri, ameshika mlango.

"Shukeni," akasema. "Liacheni lingurume hapohapo, milango imefungwa. Gari likipoza kweli hutoka jasho. Unyevu wa hewa hugeuka maji ndani kwenye koili, yale mabomba ya baridi, ukashuka kwa kijibomba chini ya sakafu. Lisipopoza, mlibembeleze, mliimbie, halitoi hata tone."

Wakashuka. Akawaonyesha kijibomba chenyewe, cheusi, kifupi, kinaning'inia karibu na magurudumu ya mbele. Sakafu ya saruji chini yake ilikuwa imekauka, na juu yake vumbi. Fundi cherehani akapiga magoti. Mkewe akapiga magoti kando yake na sare yake ya kazini. Chiriku akalala kifudifudi juu ya taulo. Bibi akaja mwisho, goti moja, kisha la pili, akiegemea bega la mwanawe.

Injini ilinguruma juu ya vichwa vyao. Kijibomba kilikuwa kikavu.

"Labda kwa vile..." Mama Chiriku akaanza.

"Tusilisemee," Bibi akasema.

Wakangoja. Jasho lilimdondoka fundi cherehani kidevuni, akalifuta haraka kwa mkono ili lisianguke sakafuni mahali walipokuwa wanatazama.

"Bibi," Chiriku akanong'ona, "na likikataa?"

"Likikataa, tutaambiana limekataa."

Kwenye mdomo wa kijibomba kitu kikang'aa. Kikavimba taratibu, kikaning'inia, kikatetemeka pamoja na injini kwa muda ambao hakuna aliyepumua. Kikadondoka. Kwenye vumbi pakabaki doa dogo jeusi.

"Maji," Chiriku akasema.

Hakuna aliyemwitikia mpaka kila mmoja aliponyoosha mkono wake mwenyewe, akaligusa lile doa.